Wageni Wasio na Msiba

Siku zile Kigoma ilikuwa mahali pa kupelekwa, si mahali pa kwenda. Mtumishi wa serikali aliyepokea barua ya uhamisho wa huko alipewa pole na wenzake kana kwamba amefiwa. Mwisho wa reli, ndivyo watu walivyoiita na ndivyo wanavyoiita hadi leo. Wajerumani waliifikisha reli pale mwaka 1914, na tangu hapo hakuna aliyeisogeza mbele, maana mbele ni ziwa.

Sisi tulikwenda kwa hiari yetu. Ilikuwa Juni 1988, likizo ya katikati ya mwaka, nasi tulikuwa vijana wanne tuliofundisha sekondari moja ya Morogoro. Chanzo kilikuwa kalenda. Mwenzetu wa jiografia aliibandika ukutani katika ofisi ya walimu. Ilikuwa kuukuu, miezi yake ilikwisha pita zamani, lakini hakutaka kuitoa kwa sababu ya picha moja ya pwani ya Amalfi, Italia: nyumba nyeupe zimepandana juu ya jabali, na chini yake bahari ya buluu. Tulikuwa tukiitazama huku tukinywa chai ya rangi. Siku moja mwenzetu mwingine, Mmanyema wa Ujiji aliyefundisha Kiswahili, alisema kwao nako kuna majabali yanayotumbukia majini, tena bila kupanda ndege. Wa jiografia akaanza kutueleza habari za bonde la ufa, jinsi ardhi ilivyopasuka na maji yakajaa katika mpasuko hadi kina cha mita 1,470, na kwamba duniani kote ni ziwa Baikal tu linalolipita Ziwa Tanganyika kwa kina. Wa nne wetu, Mgogo wa Mpwapwa aliyefundisha hisabati, mtu ambaye hajawahi kuona maji mengi kuliko bwawa, akauliza nauli ni shilingi ngapi.

Mshahara wetu ulikuwa wa daraja la tatu, basi tukapanda la tatu. Sitalisifu. Usiku wa kwanza nililala nimekalia ndoo ya mtu. Tabora mabehewa yalikatwa, mengine yakaenda Mwanza, yetu yakaelekea magharibi, na hapo abiria wakaanza kufahamiana kama watu wa kijiji kimoja. Asali iliuzwa dirishani katika chupa za bia. Uvinza ilikuwa chumvi. Baada ya Uvinza treni ikaingia vilimani, michikichi ikaanza kuonekana, kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamgusa Mgogo wetu begani: “Mwalimu, tazama huko chini.” Mgogo akatazama. Akauliza mbona mbingu imeshuka.

Stesheni ya Kigoma ni jengo kubwa la Kijerumani ambalo mtu hategemei kulikuta mbali kiasi kile. Tulidandia pikapu hadi Ujiji, kilomita chache kusini, kwa bibi yake mwenzetu. Na hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Bibi alituona tukishuka na mabegi, akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni, akakaa chini kwenye mkeka. “Shikamoo bibi,” tukasema wote. Hakuitikia. Alimwambia mjukuu wake, “Sema tu. Nani amekufa?”

Mjukuu akasema hakuna.

“Mgonjwa?”

“Hakuna, bibi.”

“Umefukuzwa kazi?”

Ilichukua muda kumwelewesha kwamba tumekuja kutembea. Watu wazima wanne, wenye kazi, wamesafiri kutoka Morogoro bila msiba, bila harusi, bila mgonjwa wa kuuguza wala mali ya kununua. Kufikia hapo majirani walikwisha anza kuingia mmoja mmoja, wameshika tama, kutoa pole. Mzee mmoja alileta ubani wake kabisa, noti iliyokunjwa, na akakataa kuirudisha mfukoni hata alipoambiwa hakuna maiti. Siku ya pili bibi alichoka kujieleza. Akawaambia watu kwamba mimi nimekuja kutafuta mchumba, na hawa wengine wamenisindikiza. Maneno hayo yalieleweka mara moja. Vyakula vikaanza kuja. Mabinti wa mtaa mzima wakaacha kabisa kupita mbele ya baraza ile, au wakawa wanapita mno.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Ujiji haukuwa mji usiojua wageni. Ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo tangu zama za pembe na watumwa. Wamanyema wenyewe walitoka ng'ambo ya ziwa. Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871. Lakini kila aliyefika alikuwa na shughuli yake: kuuza, kununua, kuhubiri, kukimbia. Mtu wa kuja kutazama maji tu alikuwa Mzungu, na Mzungu hakuulizwa sababu. Tulipokwenda kwenye mnara wa Livingstone, penye miembe, mzee wa pale alitusimulia habari yote kwa sauti ya juu, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini kama tumetumwa na Wizara. Kilichonishangaza mimi, mwalimu wa historia, ni kwamba ziwa lenyewe halipo pale. Maji yamerudi nyuma tangu enzi za Livingstone, na tulitembea kipande kizuri kabla ya kufika ufukweni.

Majabali tuliyoahidiwa tuliyakuta upande wa Bangwe na Katonga. Hayakuwa na nyumba nyeupe, yalikuwa na mbuzi. Tulishuka kwa kushikana mikono hadi kwenye mawe makubwa. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba ungeweza kuhesabu vidole vyako ukiwa umezama kifuani, na visamaki vya rangi, vya manjano na vya milia, vilikuja kutudonoa miguu. Visamaki vile, mwenyeji wetu alituambia, vinasafirishwa Ulaya kuwekwa kwenye vioo sebuleni. Mgogo alichota maji kwa kiganja, akaonja, akaonja tena. “Hayana chumvi! Yote haya, na hayana chumvi!” Tangu saa hiyo hakutaka tena kusikia habari za bahari, aliona ni maji yaliyoharibika.

Zaire hatukuiona siku zile za mwanzo. Juni na Julai ni miezi ya kuchoma mapori, na moshi hufunika upande wa pili. Jua lilikuwa likishuka jekundu, kisha linapotea kabla ya kufika majini. Lakini kelele za Zaire zilikuwapo. Kila redio ya Ujiji ilicheza rumba, na kila mwanamke alivaa kitenge kilichovuka ziwa kwa njia ambazo hakuna aliyezitaja.

Tulikula ugali wa muhogo kwa migebuka iliyoungwa mawese. Shati langu jeupe lilidondokewa na tone moja kifuani, nami nikalifua kwa kila kitu, hata kwa sabuni iliyotengenezwa kwa mawese hayohayo. Doa lilibaki rangi ya chungwa hadi shati likawa dekio.

Jumatano tulikwenda bandarini kuiona Liemba ikiondoka kwenda Mpulungu, Zambia. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nilikuwa nimelifundisha somo hili kwa chaki. Nilipoiona ikiwa imebeba magunia, kuku, magodoro na mama mjamzito amekalia debe, niliona somo langu lilikuwa limeacha nje mambo yote ya maana.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 1993, Rais Ndadaye aliuawa Burundi na wakimbizi wakaanza kumiminika. Mwaka 1996 vita ya Zaire ikaleta wengine kwa mitumbwi. Tangu hapo, ukitaja Kigoma, watu walifikiria kambi. Tulipanga kurudi sote wanne, tukapanga tena, watoto wakazaliwa, uhamisho ukatutawanya. Nimerudi peke yangu, tena kwa msiba: bibi alifariki, na safari hiyo hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Sasa juu ya majabali kuna hoteli. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea huko. Liemba ilisimama kwa miaka kadhaa ikingoja matengenezo. Wavuvi, ambao taa zao za karabai tulizitazama usiku kucha kutoka barazani Ujiji tukidhani ng'ambo kuna mji, sasa wanatumia taa za betri na za sola. Anayetaka kwenda kuziona taa hizo aangalie kwanza kalenda: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na wavuvi hulala. Pia aulize kama ziwa limefunguliwa, kwa sababu mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Juni ya mwaka huo ungekuta ziwa giza tupu.