Ramani Ilijua Kabla ya Ajenti

Wasee, kabla ulipe dipoziti ya keja, uliza swali moja: mvua ikinyesha, maji ya hapa huenda wapi?

Mimi sikuuliza. Mapema 2024 nilihamia bedsita Kawangware, ile sehemu ya chini ukielekea Kangemi. Ajenti akaniambia, "Hapa hakuna shida buda, na bei iko chini." Kweli bei ilikuwa chini. Keja pia ilikuwa chini. Mvua ya Aprili ikaja, nikaamka usiku nikakuta viatu vinaelea. Simu na kompyuta niliokoa. Godoro likaenda.

Juzi nikiwa tao, kwa muuzaji wa vitabu kando ya Tom Mboya Street, nikaona ramani ya zamani ya Nairobi, zile za Survey of Kenya za 1:50,000. Kama ulifanya Jiografia KCSE unazijua: sentimita 2 ni kilomita 1. Maswali ya ramani ndiyo nilikuwa nalala nayo Fomu 3. Nikainunua, nikacheki kwetu. Ile mistari ya kahawia ya mwinuko imebanana, yaani hapo ni mteremko. Chini yake kuna mstari wa bluu: Nairobi River. Ploti yetu ilikaa hapo bondeni kabisa.

Na si kwetu tu. Ardhi inashuka kutoka Kikuyu hadi tao, kwa hivyo Kirichwa, Mathare na Nairobi River zote zinateremka mashariki mpaka Athi. Hata jina Nairobi ni la Kimaasai, linatokana na maji baridi. Reli ilipofika 1899, ilikuta kinamasi.

Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Mathare na Mukuru nyumba zikabomolewa. Sawa, mto unahitaji nafasi yake. Lakini mpangaji ndiye alibeba godoro kichwani, na yule aliyejenga bondeni alikuwa ameshakula kodi miaka yote. Ramani haikufichwa. Ilikuwa inauzwa.

Kwa hivyo ukienda kuona keja, usiangalie tailizi peke yake. Simama kwa geti, cheki barabara inateremka kuelekea wapi, kisha uliza majirani walikuwa wapi Aprili 2024.

Siku hizi naishi juu, mlimani. Kodi imepanda, na ngazi napanda nikilalamika. Lakini mvua ikianza usiku, nageuka tu upande wa pili nalala.