Gereza, Hamamu na Dhahabu ya Kilwa: Matembezi katika Mitaa ya Lisbon

Neno gereza halikuzaliwa kifungoni. Lilitoka Ureno likiwa igreja, yaani kanisa, likaabiri merikebu za tanga, likatua katika pwani yetu na huko likapewa maana ambayo waliolileta hawakuikusudia. Ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ilikuwa na kanisa ndani yake. Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kule Kilwa Kisiwani, ngome iliyo ufuoni ingali inaitwa Gereza hadi leo hii. Silabi tatu tu, na ndani yake mna padri, askari na mfungwa.

Ni neno hili lililonifanya nitamani kuuona mji lilikotoka. Nilipobahatika kukaa Lisbon kwa majuma matatu, mwenzangu mmoja chamani aliniuliza, kwa kejeli asiyojaribu kuificha, mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini kwa Wareno. Kuna wanaoamini kwamba msomi wa Kiswahili akishavuka Lamu na Zanzibar amepotea njia. Mimi naona kinyume. Sehemu ya historia yetu iliandikwa katika mitaa ile, na nyingine, kama nitakavyoeleza, iliteketea humo humo.

Lisbon umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia baharini. Mtaa uliohifadhi sura ya kale kuliko yote ni Alfama, unaoteremka kutoka kwenye kasri la São Jorge hadi mtoni. Njia zake ni nyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana mmoja hulazimika kujibanza ukutani. Zinapinda bila taarifa, zinageuka ngazi, kisha zinakufikisha uani kwa mtu aliyeanika shuka. Aliyekulia katika Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji ramani hapo, maana miguu yake inajua kwamba njia ya namna hii haikuchorwa na mhandisi. Ilifuata kuta za nyumba, na nyumba zilifuata kivuli na ujirani.

Mfanano huo si wa ajabu. Waislamu waliutawala Lisbon tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kuelekea mashariki. Kanisa kuu la mji, linaloitwa Sé, likasimamishwa palipokuwa na msikiti. Jina Alfama lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi za maji ya moto, ambalo ni la mzizi mmoja na hamamu yetu. Hebu tafakari, msomaji mpenzi: Zanzibar kuna mtaa wa Hamamni, uliopata jina kutokana na bafu zilizojengwa enzi za Sultani Barghash katika karne ya 19. Mitaa miwili, bahari mbili, mzizi mmoja. Kadhalika sukari kwao ni açúcar, na soko letu ni ndugu wa açougue yao, ingawa lao limenywea likabaki kuwa duka la nyama tu. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba Kireno kilitupa meza, bendera, leso, foronya, roda na kopo, ingefaa tuwaambie pia kwamba lugha hizi mbili zilikuwa zimekwisha kunywa katika kisima kimoja kabla hazijakutana.

Upande wa pili wa kilima cha kasri uko mtaa wa Mouraria. Hapa ndipo Waislamu waliosalia baada ya kushindwa walipotengewa mahali pa kuishi, nje ya ukuta wa mji. Mwaka 1170 mfalme aliwapa hati ya kuwalinda, nao wakaendelea na ufinyanzi, ususi na biashara ndogondogo kwa zaidi ya karne tatu. Ulinzi huo ulikoma Desemba 1496, Mfalme Manuel alipotangaza kwamba Wayahudi na Waislamu wabadili dini au wahame. Miezi saba baadaye, tarehe 8 Julai 1497, Vasco da Gama akang'oa nanga kuelekea kwetu. Ni muhimu kuyaweka matukio hayo mawili kwenye ukurasa mmoja. Mfalme aliyeamuru misikiti ya mji wake ifungwe ndiye yule yule aliyetuma merikebu katika pwani yenye misikiti tele.

Merikebu hizo ziliondokea Belém, magharibi ya mji, na hapo ndipo utajiri uliorejea ulipogeuzwa kuwa jiwe. Nasema bila kusita kwamba makao ya watawa ya Jerónimos ni miongoni mwa majengo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Yalianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 chini ya fundi Diogo de Boitaca, kisha yakashikwa na João de Castilho, na kazi ikachukua takriban miaka mia moja. Jiwe lake ni chokaa gumu jeupe liitwalo lioz, ambalo hugeuka rangi ya asali jua linapotua. Nguzo za kanisa ni nyembamba, zimepanda juu kama minazi na kutawanyika darini kama makuti. Ukizikaribia unaona zimechongwa kamba za merikebu, mafundo, majani ya nchi za mbali na tufe la mabaharia. Mtindo huu Wareno wameuita kwa jina la mfalme wao, Manuel.

Gharama zake zililipwa na nani? Mfalme alitenga sehemu moja katika kila ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki, ushuru uliojulikana kama ishirini ya pilipili. Kwa hivyo zile nguzo ni pilipili ya Calicut na dhahabu ya Sofala iliyosimama wima. Jeneza la jiwe la da Gama limewekwa karibu na mlango, nalo limenakshiwa vizuri. Nililitazama kwa muda mrefu nikisubiri hasira inipande. Haikunipanda mle ndani. Ilinijia nje, mbele ya mnara wa kumbukumbu ya wavumbuzi uliojengwa kwa saruji mwaka 1960, wenye kimo cha mita 52. Umepangwa sanamu 33 za wafalme, mabaharia, mapadri na washairi wanaopanda kuelekea majini. Rubani aliyepatikana Malindi Aprili 1498, akamvusha da Gama hadi India, hayumo. Waliweza kumpa nafasi mtu wa 34. Saruji si ghali kiasi hicho.

Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, kiasi cha saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilitetemeka. Baadaye mto ukajaa mawimbi ya bahari, na mishumaa iliyoanguka ikawasha moto uliodumu siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Alfama, uliosimama juu ya mwamba, ulinusurika kwa sehemu kubwa, ilhali bonde la chini lenye kasri la mfalme na maduka ya matajiri lilifutika. Ndani ya kasri hilo mlikuwa na maktaba ya kifalme yenye vitabu vipatavyo 70,000, na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia safari zote za Mashariki. Hesabu za shehena, ripoti za manahodha na barua kutoka Mombasa, Kilwa na Msumbiji zilizokuwa humo zikawa majivu. Mtafiti yeyote anayelalamika kwamba historia ya pwani yetu katika karne ya 16 ina mashimo hana budi kukumbuka asubuhi hiyo.

Si vyote vilivyopotea. Hifadhi ya nyaraka iitwayo Torre do Tombo ilikuwa katika mnara wa kasri la São Jorge, nao mnara ulianguka. Mlinzi wake mkuu alikuwa mhandisi Manuel da Maia, mzee wa miaka 78. Alizifukua nyaraka kutoka katika kifusi na kuzihifadhi katika kibanda cha mbao. Miongoni mwa zilizookoka ni barua za Kiarabu ambazo watawala wa Bahari ya Hindi waliwaandikia wafalme wa Ureno. Kisha mzee huyo huyo akaagizwa na waziri Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipata cheo cha Marquês de Pombal, ashauri namna ya kuujenga upya mji. Kwa maoni yangu huyu ndiye Mreno anayestahili sanamu kubwa kuliko zote, ila hakugundua nchi ya mtu.

Mtaa uliozaliwa kutokana na ushauri wake, na michoro ya Eugénio dos Santos na Carlos Mardel, ni Baixa. Baada ya Alfama, mtu huhisi ametoka kwenye utenzi akaingia kwenye jedwali la hesabu. Njia zimenyooka, zinakatana kwa pembe mraba, na zimepewa majina ya kazi: njia ya dhahabu, ya fedha, ya washona viatu. Madirisha yanafanana, sakafu kwa sakafu. Uzuri wake umejificha ukutani. Kila nyumba ina kizimba cha mbao, wima, mlalo na mishazari iliyopishana kama herufi X, kisha mapengo yakajazwa mawe na lipu. Ardhi ikitetemeka mbao hunepa bila kuvunjika. Hata mawe yakidondoka, kizimba husalia kimesimama na watu wamo hai. Chini, kwa kuwa udongo ni wa majimaji, vilishindiliwa vigingi vya misonobari. Kati ya nyumba na nyumba ukuta ulipandishwa hadi juu ya paa ili moto usiruke. Mafundi wetu waliojenga kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko nao walijua siri za mbao, hata upana wa chumba cha nyumba ya mawe uliamuliwa na urefu wa boriti. Natamani siku moja istilahi zao zikusanywe kwa makini kama yalivyoandikwa ya da Maia, kabla wazee wanaozijua hawajatutoka.

Mtaa wa mwisho hautajwi sana na waongoza watalii. Leo unaitwa Madragoa, upande wa magharibi. Mwishoni mwa karne ya 16 jina lake lilikuwa Mocambo, neno lenye asili ya Kibantu, na wakazi wake wengi walikuwa Waafrika, watumwa na walioachwa huru. Mwaka 1551 mji wenye watu wapatao 100,000 ulikuwa na watumwa karibu 10,000. Walibeba maji, walipaka kuta chokaa, walipakua merikebu. Wengi walipokufa hawakuzikwa, hadi Mfalme Manuel, kwa barua ya mwaka 1515, akaamuru kichimbwe kisima cha kutupia maiti zao na kumwagiwa chokaa, kwa kuwa harufu ilikuwa inausumbua mji. Njia inayopita hapo ingali inaitwa Poço dos Negros, Kisima cha Weusi. Ina mikahawa mizuri.

Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo uko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Ndani ya sanduku la kioo kimesimama chombo cha ibada cha dhahabu na rangi ya kung'aa, kimo chake sentimita 73, mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakilizunguka pahali pa hostia. Wareno wanakiita Custódia ya Belém, na inasemekana kilifuliwa na sonara Gil Vicente. Kwenye kitako kumeandikwa, kwa Kireno, kwamba Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikamalizika 1506. Quiloa ni Kilwa. Mwaka 1502 da Gama alimtisha Amir Ibrahim hadi akatoa mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka. Julai 1505, sonara akiwa bado kazini, jeshi la Francisco de Almeida liliiteka na kuipora Kilwa, na mwezi uliofuata likaichoma Mombasa.

Niliporudi chuoni tuliujadili mkasa huu usiku kucha. Mmoja alishikilia kwamba chombo kirudishwe. Mwingine akauliza kirudishwe kwa nani, maana dhahabu ilichimbwa na Washona wa nyanda za Zimbabwe, Kilwa ikiwa dalali tu, na msikiti hauna haja ya chombo cha hostia. Mimi nilisema, na ningali nasema, kwamba kwanza mithkali zile zihesabiwe, na picha ya kitako kile, maandishi yake yakisomeka, itundikwe kwenye ukuta wa Gereza la Kilwa, kwa Kiswahili, mtoto wa shule ya msingi aisome bila mkalimani. Tafsiri nimekwisha kuifanya. Kilichonishinda ni neno moja, párias, kodi anayotozwa aliyeshindwa vita. Mmoja wetu alipendekeza jizia, mwingine akalikataa kwa kuwa lina sheria zake katika Uislamu. Kodi ni jepesi mno. Mhariri amekubali nafasi iachwe wazi toleo lijalo kwa yeyote mwenye neno.