Kulabu Iliyokwama

Kisumu ni mji uliokuzwa na viungo vya chuma. Mwaka 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa ufuoni mwa Ziwa Victoria, na tangu siku hizo shehena nyingi zimepanda na kushuka katika mabehewa yaliyofuatana kama punje za tasbihi. Hata maji hayakuwa mwisho wa safari. Meli ya MV Uhuru, iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, ilijengwa na reli juu ya sitaha yake ili mabehewa yaingie melini na kuvuka ziwa pamoja na mizigo yake. Mtu akitazama garimoshi husifu injini, kwa kuwa ndiyo ingurumayo. Ni nadra kumsikia mtu akisifu kiungo kishikacho behewa kwa behewa. Lakini kiungo kikiachana, nguvu zote za injini huwa bure, na uzito wote wa behewa huwa hatari. Mimi sikujifunza jambo hili kwa garimoshi. Nililijifunza kwa kulabu ndogo ya motokaa yangu, na nakiri kuwa somo lile lilinitia haya.

Motokaa yangu ilikuwa kuukuu, nayo ilikuwa imetumika Uingereza kabla ya kuletwa kwetu, maana huko usukani huwa upande wa kulia kama huku. Chini ya bampa ya nyuma ilikuwa na kulabu ya kukokotea tela. Kulabu hiyo haikutokeza nje wakati wote, bali ilijificha. Ukivuta mpini mdogo uliomo ndani ya buti, kebo hufungua kufuli, shingo ya chuma iliyopindika kama shingo ya bata huanguka kutoka maficho yake, kisha huisukuma kwa mkono au kwa mguu mpaka isimame mahali pake na kulia “ka!” Katika ncha ya shingo hiyo lipo tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 50, na juu ya tufe hilo ndipo tela linapokaa. Mpini ulikuwa na alama mbili: kijani ikionekana, kufuli imefunga, nyekundu ikionekana, kufuli haikufunga. Aliyebuni kitu hicho alifikiri vema. Kulabu ikifichwa, haiumizi miguu ya wapitao wala haizibi namba ya gari.

Nilikuwa na jirani, mvuvi wa Dunga, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka mingi, nami nilimwita Jaduong', kama ilivyo desturi ya Waluo kwa mtu wa heshima. Mtumbwi wake ulikuwa umelazwa ufuoni kwa wiki mbili, mbao zake za chini zimeoza. Alikwisha kulipia mbao mpya kwa mwenye mashine ya kupasulia mbao, huko juu kupita Kiboswa, lakini fedha za kuzileta hakuwa nazo. Mtumbwi ulalapo nchi kavu, nyumba ya mvuvi hulala njaa. Nikamwambia, “Jaduong', Jumamosi nitaazima tela, nikuletee mbao zako.” Akanishukuru kwa maneno machache, kisha akaenda kuwaambia wanawe kuwa wiki ijayo watarudi ziwani.

Jumamosi alfajiri nilivuta mpini. Kulabu ilishuka nusu ya safari, ikakwama. Niliisukuma kwa mkono, haikwenda. Niliisukuma kwa mguu, ikasogea kidogo na kukataa. Mwenye tela alikuwa amenipa siku moja tu, na mwenye mbao alifunga saa sita mchana. Nikaingia ndani nikatoka na nyundo.

Msomaji, ukiona mtu anaitazama mashine kwa hasira na mkononi ana nyundo, mzuie. Mimi sikuwa na wa kunizuia. Niligonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu; na kwa pigo la saba au la nane kulabu ilipanda mpaka mahali pake, ikasimama wima kama askari. Nilifurahi sana. Nilikwenda kwenye buti kuutazama mpini, nikaona nyekundu.

Hapa ndipo penye kosa langu hasa. Lile la nyundo lilikuwa dogo. Sikulisikia “ka!” na nililijua hilo. Niliiona nyekundu na nilijua maana yake. Lakini moyo wangu ulikwisha fika Kiboswa, nao ulitafuta sababu ya kuendelea, na mwenye kutafuta sababu haikosi. Nikajiambia, “Motokaa hii ni ya zamani; alama imeharibika.” Nikafunga buti ili nisiione tena. Wazee husema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa na macho, nikaambiwa, na bado sikutazama.

Nilifunga tela tupu nikaenda zangu Kondele kujaza upepo magurudumu yake. Pale kando ya njia palikuwa na fundi mzee wa jua kali, mmoja wa wale wafanyao kazi bila ukuta wala dari. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa mashuhuri juu ya Kenya, ikawaonyesha wataalamu wa mataifa kuwa watu wa kazi ndogo ndogo kama hao si mzigo wa nchi bali ni nguvu yake. Mimi asubuhi ile nilimwona kama mtu wa pampu tu. Alijaza upepo gurudumu la kwanza, akainama kwa la pili, kisha akaacha. Aliona chuma kilichokwaruzwa na nyundo.

“Mwalimu,” akauliza, kwa kuwa alinifahamu, “kulabu hii ilifunga?”

“Imefunga, Mzee. Tazama ilivyosimama.”

“Alama ya mpini ni ya rangi gani?”

“Nyekundu, lakini alama yenyewe ni mbovu.”

Alijipangusa mikono kwa kitambaa taratibu. “Mwanafunzi wako akikuambia kuwa hesabu zake ni sahihi, ila kalamu yako nyekundu ndiyo mbovu, utamsadiki?”

Sikuwa na jibu. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya motokaa, akalitoa tela kwenye tufe, akaniambia nisimame kando. Kisha aliikanyaga kulabu mara moja kwa kisigino, wala hakutumia nguvu nyingi. Ikaanguka chini kama tunda bivu.

“Mwalimu,” alisema, “hii haikushikwa na kufuli. Ilishikwa na kutu.”

Maneno hayo yalinipiga kuliko mahubiri. Niliikumbuka njia niliyotaka kuipita. Barabara itokayo Kiboswa kuja Mamboleo hushuka kwa kasi, na kando yake hupita watu wengi: akina mama wenye vikapu, vijana wa bodaboda, na watoto. Mnyororo wa tahadhari wa tela lile ulikuwa umekatika siku nyingi. Kupanda na tela tupu pengine kutu ingalivumilia. Kushuka na tela lililojaa mbao mbichi, likirukaruka katika kila shimo na kuisukuma motokaa kwa nyuma, kutu isingalivumilia. Mbao zile zingalikwenda zilikotaka, nami ningaliziona katika kioo.

Fundi akanionyesha jinsi ya kuitendea kulabu iliyokwama, na naeleza hapa kwa kuwa huenda ikamfaa mwingine. Kwanza aliniuliza huwa naiosha wapi motokaa yangu. Nikamwambia kuwa kwa muda mrefu niliiingiza ziwani, kama walivyofanya wengi hapa Kisumu, na mara mbili tatu nilirudi kinyumenyume na tela majini kushusha mtumbwi, kisha nikaificha kulabu ikiwa imelowa. Akatikisa kichwa. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, lakini yana matope na mchanga, na mchanga ukiingia katika egemeo la chuma husaga kama kinu. Tena motokaa hiyo ilikuja na ugonjwa wake kutoka ng'ambo. Uingereza wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Wanafunzi wa kemia wanajua kuwa chuma kikipata maji na hewa hupata kutu, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Basi chumvi ya kule ilianza, matope ya huku yakamaliza, na uvivu wangu ukawa shahidi.

Aliosha egemeo kwa maji safi mpaka mchanga ukaacha kutoka. Akalisugua kwa brashi ya waya, akalikausha kwa kitambaa. Kisha akadondosha mafuta membamba, yale yanayopenya penye nafasi ndogo, akasema, “Sasa twende tukanywe chai.” Nilitaka kuisukuma kulabu mara moja. Akanikataza. Alisema mafuta yana kazi yao, nayo haiharakishwi na mtu kuyasimamia. Tukaketi kibandani karibu saa nzima. Tuliporudi, aliisogeza kulabu kidogo mbele, kidogo nyuma, akaongeza mafuta, akasogeza tena; kila mara ikakubali zaidi ya mara iliyotangulia. Wala hakuweka mkono wake kati ya shingo na bampa hata mara moja, kwa kuwa chuma hicho ni kizito nacho huanguka bila kubisha hodi.

Kulabu ikawa nyepesi, lakini alama ilibaki nyekundu. Aliifuata kebo mpaka mwisho wake, akakuta ala yake imepasuka, maji yameingia, na waya wa ndani umevimba kwa kutu. Nilipovuta mpini, kebo ilifungua kufuli. Nilipouachilia, haikurudi, nayo pini ya kufuli ikabaki nje ya tundu lake. Akapapasa ukingo wa tundu hilo kwa kidole, akapata jino dogo lililotokana na nyundo yangu.

“Leo haivuti,” akasema.

Nilimsihi. Nilimweleza habari za mvuvi, mtumbwi na saa sita ya mwenye mbao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kuwa shida ya mvuvi ni ya kweli, lakini kulabu haijui shida ya mtu. Kebo mpya ilipasa kutafutwa katika magari yaliyobomolewa, na tundu lile kuchunguzwa vizuri. Kama lingeonekana kupasuka, kulabu nzima ingetupwa. Akakataa pia kupokea malipo ya kazi isiyokwisha.

Nilirudisha tela kwa mwenyewe. Safari ya kwenda Dunga siku ile ilikuwa fupi kwa miguu lakini ndefu kwa moyo. Nilimkuta Jaduong' amekwisha bandua mbao zilizooza, misumari mipya ameipanga juu ya gunia, na wanawe wawili wameketi kumsaidia. Nilimweleza yote, hata habari za alama nyekundu na buti nililolifunga ili nisiione. Alinyamaza kitambo akitazama ziwa. Kisha akasema, “Siku bila samaki nimeziona nyingi, nazo hupita. Mbao zangu kumwangukia mtoto wa watu, hilo silijui, wala sitaki kulijua.” Akawaambia wanawe waifunike misumari isipate umande.

Jumatatu jioni, baada ya masomo, nilikodi pikapu kwa fedha nilizokuwa nimeweka akiba, nikazileta mbao. Jaduong' alipoteza siku mbili kwa ajili yangu, nami nilipoteza akiba ya miezi mitatu. Nikizipima hasara hizo, naziona ndogo. Baada ya siku kumi fundi alipata kebo na springi, akalilainisha jino la tundu na kulichunguza chini ya jua mpaka akaridhika kuwa halikupasuka. Aliisukuma kulabu kwa mkono mmoja, nami kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia “ka!” Tukaenda pamoja kutazama mpini. Ulikuwa kijani. Hata hivyo aliikanyaga kulabu kwa kisigino, mara tatu, kwa nguvu zake zote. Haikutikisika.

Tangu siku ile kila mwezi naitoa kulabu hata kama sina cha kukokota, naiosha, naikausha, natia mafuta katika egemeo, kisha nairudisha. Kitu kisichotumika hufa kimyakimya, na siku ya kuhitajiwa ndiyo siku ya kutangaza kifo chake. Lakini hilo ni fundisho dogo. Kubwa ni hili: kulabu iliyokwama waziwazi hainidhuru, maana hunifanya nishuke garini na kutafuta msaada. Ile iliyosimama wima bila kufunga ndiyo ingaliua, na aliyeisimamisha hivyo nilikuwa mimi. Darasani nimewaona vijana wakitikisa kichwa kuwa wameelewa, nami nikaridhika, nikasonga mbele na somo, kumbe walikuwa wameshikwa na haya tu. Siku hizi nikiona hivyo husimama, nikawauliza swali moja la kuwajaribu, kama fundi alivyoikanyaga kulabu kwa kisigino. Wengine hunikasirikia kwa dakika chache. Nami humkumbuka mzee yule wa Kondele, nikauliza swali la pili.