Sufuria Ina Masikio Mawili

Nimekaa mbele ya cherehani miaka 22. Nilianzia Uvira, nikaendelea kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, nikishona sare za shule na suti za maharusi chini ya turubai. Sasa niko Lancaster, Pennsylvania, nakata pindo za suruali za watu dukani kwa tajiri. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumshonea mke wangu, Mama Furaha, kitu cha jikoni. Sufuria aliiipua kwa ncha ya kitenge alichojifunga kiunoni, na makovu ya moto kwenye vidole vyake niliyazoea kama nilivyozoea sauti yake.

Viraka nilividharau. Mteja akileta suruali ya kutiwa kiraka nilimpa mwanafunzi wangu. Mabaki ya vitambaa niliyafagia nje, na Mama Furaha akayaokota nyuma yangu, akayatia mfukoni. Siku ya kuondoka kambini tuligombana juu ya mfuko huo. Niliona anabeba takataka kwenda Marekani. Akaubeba.

Majira yetu ya kwanza ya baridi, jirani alitupeleka kwenye chumba cha chini cha kanisa, ambako kina mama hukutana kila Jumanne kushona mablanketi ya viraka. Nilikwenda, niseme kweli, ili wamwone fundi. Bibi mmoja mwenye zaidi ya miaka 80 alinipa vipande tisa vya mraba, niviunge tatu kwa tatu. Mtindo huo wanauita Viraka Tisa, na watoto wao huanzia hapo. Nilimaliza upesi, nikampa. Akaweka rula juu yake, akaniangalia kwa huruma. Mraba wangu ulipungua milimita 8, na pembe hazikukutana hata moja.

Kosa lilikuwa la ufundi wangu wenyewe. Sisi wa nguo huacha nafasi pana kando ya mshono, mteja akinenepa tuifumue. Viraka vinataka milimita 6 tu. Mimi niliingia ndani milimita 2 zaidi, nikaona si kitu. Lakini mshono unashika vipande viwili, kwa hiyo umekula 4. Na kila mstari una mishono miwili. Pasi nayo nilikosea. Nilifungua mishono kama ya suti, kumbe wao huilaza upande mmoja, mstari wa kwanza kulia, wa pili kushoto, ili ikipandana iumane na pembe zikae. Nilifumua mara tatu. Sijawahi kufumua kazi mara tatu tangu nikiwa mwanafunzi.

Bibi huyo ndiye aliyenionyesha kitabu chenye picha za mablanketi ya Gee's Bend, kijiji cha Waamerika weusi katika kona ya mto Alabama. Wanawake wa huko walishona kwa nguo za shamba zilizochakaa. Magoti ya suruali yaliyopauka yanaonekana hadi leo. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta. Niliitazama sana suruali moja ya jinzi katika picha hizo. Ningeifagia.

Nikaamua kumshonea Mama Furaha kishikio cha kuipulia sufuria. Cha kwanza kilikuwa kizuri na cha hatari. Ndani nilijaza sufi ya nailoni niliyoitoa kwenye koti bovu. Kilipogusa jiko kikasinyaa, kikanata kwenye sufuria. Akasema, “Baba Furaha, umenishonea mshumaa?”

Hapo nikaomba ule mfuko. Nilichomoa uzi mmoja mmoja kutoka kila kipande, nikauchoma kwa kiberiti. Wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa nailoni hujikunja kuwa kitone kigumu. Nusu ya vile vitenge niliviweka kando. Vilivyobaki nilivikata vipande vyembamba, nikashona mtindo wa Nyumba ya Magogo: mraba mwekundu katikati, ambao wenyewe husema ni moto wa nyumbani, kisha vipande vinauzunguka, pande mbili vya rangi ya mwanga, pande mbili vya giza. Ndani tabaka mbili za pamba tupu, nyuma bitana ya jinzi, mshono wa kupitia tabaka zote ili pamba isihame, utepe wa kuzungushia ukingo, na kitanzi pembeni. Sentimita 20 kwa 20. Kilinichukua jioni nne, na suti ya harusi nilikuwa naimaliza kwa siku mbili.

Alikipindua, akaushika ule mraba mwekundu kwa kidole gumba. “Hii si sare yetu ya kwaya?” Ilikuwa sare yao ya kwaya ya Nyarugusu. Niliikata mimi, mabaki nikayafagia mimi.

Nikamwonya asikitumie kikiwa na maji, kwa maana kitambaa kilicholowa hupitisha moto haraka hadi mkononi. Akanijibu kwamba hilo amelijua tangu utotoni. Kisha akanyanyua sufuria ya maharage, mkono mmoja kwenye kishikio, mwingine kwenye ncha ya kitenge chake.

“Baba Furaha,” akasema, “sufuria ina masikio mawili.”