Fizikia ya Maziwa ya Shilingi Hamsini

Mama bado huniita daktari. Akiwa na wenzake wa chama husema, "Huyu wangu ni daktari wa mambo ya jua," nao hutikisa vichwa kwa heshima. Mimi si daktari. Tasnifu yangu ya uzamifu iko kwenye flashi ndani ya droo, sura nne kati ya sita, na ni miaka mitatu sasa sijaifungua. Kazi ninayofanya siku hizi haina jina la kuwaambia akina mama wa Gatongora. Nikibanwa husema mimi ni mshauri wa teknolojia. Wao husikia kwamba natengeneza simu.

Karo yangu ilitoka kwenye debe. Mama alichuma kahawa katika mashamba ya Ruiru tangu nikiwa mdogo, akilipwa kwa kila debe alilojaza. Leo mengi ya mashamba hayo yamekatwa ploti, na palipokuwa na mibuni pana magorofa ya kupangisha. Kwa hivyo hata nikitaka kumrudishia mama kitu pale pale alipokitoa, mahali penyewe hapapo.

Chuoni nilikuwa nikitengeneza seli za jua. Si zile za silikoni unazoziona kwenye mapaa. Mwaka wa 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walichapisha njia nyingine: unapaka kioo unga laini wa titani dioksaidi, unaulowesha katika rangi inayonasa mwanga, na rangi hiyo inaachia elektroni. Ndoto yangu ilikuwa kutumia rangi ya mimea inayoota huku kwetu. Nilichemsha choya, nikakamua zambarau, vidole vikabaki vya rangi wiki nzima. Seli zangu ziligeuza chini ya asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme. Paneli ya kawaida ya dukani hufika kama 20. Lakini hilo halikunivunja moyo. Utafiti ndivyo ulivyo, unaanza chini.

Kilichonivunja moyo ni taa. Taa inayoigiza mwanga wa jua maabarani iliungua, nikaambiwa ningoje ununuzi. Nikangoja miezi kumi na minne. Wakati huo nafundisha madarasa matatu kama mhadhiri wa muda, na malipo ya muhula mmoja yanafukuzana na ya muhula mwingine bila yoyote kufika. Siku moja mama akaniambia, taratibu, "Baba, nikukopee pesa kidogo kwa chama?" Huniita Baba kwa sababu nina jina la baba yake. Mwanamke aliyechuma kahawa ili nisome, sasa akope ili nile? Usiku huo sikulala.

Kazi ya kwanza ilikuja kwa bahati. Mwenye duka la ATM ya maziwa, mtaa wetu, alikuwa anapata hasara kila siku. Maziwa yakiisha kwenye tangi, pesa haitoshi. Alishakata kauli kwamba msichana wa dukani anamwibia, na mwisho wa wiki angemfuta. Msichana alilia mbele yangu nikinunua maziwa. Nikamwomba mwenye duka anipe siku tatu.

Nilienda na jagi la kupimia, mita ya volteji na daftari. Kila saa nilinunua maziwa ya shilingi hamsini, nikapima, nikaandika. Siku ya pili jibu lilikuwa limeshaonekana. Mashine ile haikuwa ikipima maziwa, ilikuwa ikipima sekunde. Ukilipa hamsini, pampu inazunguka muda fulani tu. Na umeme wake haukuwa umedhibitiwa. Jioni kila jiko na pasi ya mtaa vikiwaka, volteji ilishuka hadi 208, pampu ikachoka. Alfajiri ilipanda hadi 251, pampu ikakimbia. Fundi aliiseti mashine jioni. Kwa hivyo kila asubuhi, wakati mtaa mzima unanunua maziwa ya chai, mteja aliondoka na karibu sehemu moja ya sita ya ziada. Mwizi alikuwa stima.

Mwenye duka akaweka kidhibiti cha volteji, akamwomba msichana msamaha, akanilipa. Pesa ilikuwa nusu ya ninayodai kwa muhula mmoja, ila hii iliingia kwenye M-Pesa jioni ile ile. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine. Sasa napimia watu visima vya sola, vyumba vya baridi, mashine za kusaga. Wananiuliza wanunue nini. Mara nyingi nawaambia wasinunue kwanza, tupime.

Humfikiria sana Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Tanganyika, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Mwaka wa 1969 yeye na Denis Osborne wa Dar es Salaam walichapisha jambo hilo, na wanasayansi wanabishana hadi leo. Mpemba mwenyewe alienda kusomea wanyamapori, akafanya kazi huko. Jina lake limebaki kwenye fizikia, yeye hakubaki.

Lakini nisijifariji kupita kiasi. Seli zangu za choya zilipauka baada ya siku chache za jua, na sikuwahi kujua ni kwa nini hasa. Hakuna mwenye duka atakayenilipa kulijua hilo. Swali hilo nililiacha, na huwa linanijia nikiwa kwenye matatu.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama ukweli wote: sikumaliza, usiniite daktari mbele ya watu. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Zile pesa za kufundisha walikulipa?"

"Bado, Mami."

"Basi wao pia hawajamaliza." Akanisogezea nusu ya maharagwe. "Chambua."