Nenda Mkwaja ukale samaki, viwanja waachie wenyewe

Kila mwisho wa mwezi mshiko ukiingia, vijana wa Dar mnajua njia tatu tu: Kigamboni, Bagamoyo na, kwa wenye pochi nene, boti ya Zanzibar. Jumatatu mkirudi kazini hadithi ni ile ile: bei za chipsi zilikuwa kali, watu walikuwa wengi, picha zimetoka bomba. Wiki hii naomba niwapeleke kwingine, mahali ambapo hata mwenyeji wa Tanga mjini ukimtajia atakuuliza mara mbili: umesema Mkwaja?

Ndiyo, Mkwaja. Ni kijiji na pia ni jina la kata, kule kusini mwa Wilaya ya Pangani. Mbele yake Bahari ya Hindi, mgongoni pori la Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ukisimama hapo katikati unasikia mawimbi kwa sikio moja na ndege wa porini kwa sikio la pili. Disko hakuna. Baa yenye taa za rangi usiitafute. Kama raha yako lazima iwe na spika, geuza ukurasa, tutaonana wiki ijayo. Aliyebaki asogeze kiti.

UNAFIKAJE?

Njia ya wengi ni ya kuzunguka. Unatoka Dar kwa basi la Tanga, unapita Chalinze, Segera na Muheza mpaka Tanga mjini. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita kama 50. Hapo utaukuta Mto Pangani umelala njiani, na ng'ambo yake ndiyo Bweni. Kwa miaka mingi watu wamevuka kwa pantoni, na pantoni yenyewe ni sinema ya bure: pikipiki, mbuzi, magunia ya nazi, wanafunzi na bwana harusi na suti yake, wote mmesimama bega kwa bega. Baadaye ikaanza kazi ya kujenga daraja la mita 525, kwa hiyo kabla hujaondoka uliza: tunavuka kwa miguu yetu au bado tunamsubiri nahodha?

Kutoka Bweni unashika njia ya kusini. Unaacha Ushongo yenye hoteli za ufukweni, unapita minazi na mashamba ya zamani ya mkonge, unaiacha Kipumbwi upande wa bahari, unazidi kwenda. Si chini ya kilomita 40. Bodaboda wapo, ila elewaneni bei kabla hujapanda, si mkishafika.

Njia ya pili ni ya wenye gari la maana. Kwenye barabara ya Chalinze na Segera unachepuka Mandera, unapita Miono na Mkange hadi Saadani, kisha unapanda kaskazini kupitia hifadhini. Ukipita hifadhini kuna kiingilio, na Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni kutoka nje. Lakini getini usipeleke noti, malipo ni ya kielektroniki. Kijijini ni kinyume chake: pale noti ndogo ndogo ndiyo mfalme. Usimtolee mama wa vitumbua noti ya elfu kumi asubuhi saa kumi na mbili, utaanza siku kwa kulaumiana.

Jambo moja la kushika: masika, yaani Machi mpaka Mei, usijitie ushujaa. Udongo wa kule nyuma ya pwani ni mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unashika tairi kama ulimbo. Barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo imeanza kujengwa kwa vipande, kwa hiyo ulizia kipande chako kimefikia wapi. Hiyo lami nitairudia, maana ndiyo yenye maneno.

ANZA NA SALAMU

Wajameni, Mkwaja si Kariakoo. Huwezi kushuka kwenye pikipiki, ukavaa miwani ya jua, ukapita mbele ya wazee kwenye baraza kana kwamba wao ni nguzo za umeme. Unasimama, unasema "Shikamooni", unasubiri "Marahaba" yako, unaulizwa umetoka wapi na nyumbani hawajambo, unajibu bila kutazama saa. Dakika tano hizo zitakufungulia kijiji kizima. Ukizikwepa, hata anayeuza maji atakuona umetoka kupotea.

Ukitaka kulala kijijini au kuzungukazunguka na kamera, pita ofisi ya serikali ya kijiji, umwone mtendaji au mwenyekiti, jina lako liandikwe. Si urasimu. Mgeni anayejulikana akipatwa na jambo, kijiji kinatoka. Malazi yaulizie kabla jua halijazama. Kambi za wageni za ufukweni zipo upande huu wa pwani, lakini nyingine bei zake ni za dola, na mshahara wako haujazoea lugha hiyo. Ukikwama, kitanda cha uhakika utakipata Ushongo au Pangani mjini, ukaja Mkwaja kwa siku.

Na mavazi. Hapa ni uswahilini hasa, watu wa dini. Kaptula yako fupi na dada na kile kitopu chake, hivyo ni vya majini. Ukipanda kijijini, kanga moja inamaliza kesi. Ijumaa mchana tulia, watu wako msikitini.

CHAKULA HAKINA ORODHA

Mjini umezoea kuletewa karatasi uchague. Mkwaja unachagua kinyume: unamwona mama mpishi asubuhi, unamwambia mko wangapi, unaacha hela ya kutangulia, naye anamtuma mtu ufukoni mashua zikirudi. Utakula kilichovuliwa. Kama ni changu, ni changu. Kama ni kamba, Mungu amekupenda. Samaki anapakwa nazi, wali unapikwa kwa nazi, muhogo nao kwa nazi, na ukishiba unateremshia dafu. Kijana wa mjini anayesema hali nazi atarudi amekonda.

Huo samaki usimwone hivi hivi. Pwani ya Tanga iliteswa mno na wavuvi wa baruti, ambao kishindo kimoja kinaua wakubwa, watoto na matumbawe wanamokaa. Mwaka 1994 mkoa ulianzisha mpango wa kuhifadhi ukanda wa pwani, vijiji vikakaa na serikali, bahari ikagawanywa katika maeneo ambayo wenyewe wanayasimamia na miamba mingine ikafungwa kwa muda ipumue. Eneo la huku likaitwa Mkwaja na Buyuni. Kwa hiyo unapomsikia mvuvi anasema "pale hatuvui", ujue kuna watu walikubali kulala na chungu chepesi ili wewe leo ule.

KASA HATAKI TOCHI

Kusini mwa kijiji, ndani ya hifadhi, kuna ufuko wa Madete. Hapo ndipo kasa wa kijani wanapanda usiku kutaga. Jike anachimba shimo kwa makasia yake, anaacha mayai mia na zaidi, anafukia, anarudi zake majini. Miezi miwili hivi baadaye vitoto vinatoka mchangani usiku, vinafuata mwanga wa bahari. Sasa wewe ukiwasha tochi, simu au moto wa kambi, umevidanganya: vinakufuata wewe, vinaishia kuliwa na kaa na kunguru.

Kwa nini nalipigia kelele? Zamani kasa walikuwa na Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo, chenye miti na mchanga mkavu. Kuelekea miaka ya 1980 miti ikaisha na kisiwa kikaliwa na bahari. Leo ni fungu la mchanga: maji yakipwa unaliona, yakijaa limezama. Ni pazuri kuogelea, lakini yai halikai hapo. Madete ikaharibika na yenyewe, mama kasa aende wapi? Nenda na mlinzi wa hifadhi, kaa kimya, usimulike. Msimu mkubwa ni kati ya Machi na Juni hivi, yaani ndiyo hiyo hiyo masika niliyokutisha. Chagua.

NZI ALIYESHINDA RANCHI

Ukiingia porini nyuma ya Mkwaja utaona mikoche, ile iliyotoa jina la Mikocheni yenu ya Dar, na utaona migunga yenye miiba myeupe mirefu. Kuna nyati, twiga, kuro, tohe, na ukiwa na bahati, tembo. Usidhani pamekuwa hivi siku zote. Mwaka 1954 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha hapa ranchi ya hekta zaidi ya 40,000, ifuge ng'ombe ipate nyama ya kuwalisha wafanyakazi wa mashamba yake. Ng'ombe waliletwa kwa maelfu.

Mwenyeji wao alikuwa mbung'o. Ng'ombe wakawa wanaugua nagana, wanadungwa sindano msimu hadi msimu, na migunga nayo ikajaa kwenye malisho. Sindano, dawa na kufyeka vyote ni pesa. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Mwaka 2005 Saadani ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ardhi ya ranchi ikaingizwa humo. Kampuni yenye mtaji ilishindwa na nzi.

Mbung'o bado yupo, na ana ugonjwa na rangi mbili: bluu na nyeusi. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo ile jinzi yako ya bluu na fulana nyeusi unazoona zimekutoa, porini wewe ni mtego unaotembea. Vaa rangi ya kaki, umwache asumbue wengine.

SASA HAYA YA VIWANJA

Nilipokuwa Mkwaja nilikaa na wazee barazani. Baada ya salamu zote, mmoja akaniangalia vizuri, akauliza: "Mwanangu, umekuja kutembea au umekuja kwa kiwanja?"

"Kutembea, babu."

"Basi kaa unywe kahawa."

Lile swali halikunitoka. Mzee ameshaona wageni wa kutosha kujua kwamba kijana wa mjini aliyevaa vizuri, akisimama akaitazama bahari kwa muda mrefu, anahesabu hatua. Na kwa nini asihesabu? Lami inakuja, daraja linakuja, na kila mtu Dar ana rafiki anayejua "eka moja kule bado ni bei ya simu". Eka hiyo kwa mwenyeji ni minazi ya babu yake, njia ya kushukia kwenye mashua na pa kuanikia samaki. Hela ya simu inaisha mwaka huo huo. Halafu ukuta unajengwa, na mvuvi anauliza apite wapi.

Basi kabla hujadanganywa na dalali, shika mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na kugawa ardhi kunapitia mkutano mkuu wa kijiji. Ukiuziwa chini ya mwembe na watu wawili na kalamu, umenunua karatasi. Pili, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ile nyumba unayoiota, yenye ngazi zinazoingia majini, imo humo humo kwenye mita 60.

Sisemi Mkwaja ibaki bila lami ili sisi wa mjini tupate pa kupigia picha za "kizamani". Mama mjamzito anayesubiri gari la kwenda Pangani masika anaitaka lami kuliko wewe, na mvuvi naye anataka samaki wake wafike sokoni hawajaoza. Ninachosema, lami ikipita, ufuko ubaki na wenyewe, na hela ya mgeni ibaki kijijini. Hilo la pili liko mkononi mwako. Kula kwa mama mpishi. Panda mashua ya mvuvi wa pale. Lipia kitanda cha pale. Ukinunua mkeka, usipunguze bei mpaka mtu ajute kuusuka.

MKOBA WAKO

Beba: chandarua, dawa ya mbu, kofia, kanga, noti ndogo, dawa zako na chaji ya akiba. Chupa za plastiki ulizoingia nazo toka nazo. Ukitaka kutembea ufukoni, uliza habari za maji: siku za bamvua bahari inakwenda mbali sana na inarudi kwa haraka. Na usitembee usiku nje ya kijiji. Wanyama wa hifadhi hawajui mpaka uko wapi, nao wana shughuli zao.

Siku mbili zinatosha kwa mara ya kwanza. Ukiulizwa barazani umefuata nini, jibu la kweli unalo, na kahawa utapewa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutavuka kwenda kwingine.