Mlimani Makerere: Nilikwenda Kupiga, Nikafundishwa Kusikiliza

Ukisimama Wandegeya, mjini Kampala, ukainua macho, utauona mlima wa Makerere. Juu yake kuna Chuo Kikuu kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Makerere ikitajwa, wengi hukumbuka madaktari na mawakili. Ni wachache wajuao kwamba muziki, ngoma na maigizo vilipewa idara yake huko mwaka 1971. Huko ndiko nilikosoma.

Nilikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheti cha ualimu, mke na watoto wawili. Baba yangu, polisi mstaafu aliyetulea kambini, aliposikia habari hiyo alisema, "Mwanangu, nilikulipia karo uwe mwalimu. Sasa wataka kwenda chuo kikuu kupiga ngoma za walevi?" Sikuwa na jibu. Nilichukua likizo bila ya mshahara, mke wangu akauza maandazi, nikaenda.

Niliingia darasani na kiburi kidogo, maana nilijua kusoma nota na kuongoza kwaya. Kiburi hicho kilivunjwa na amadinda, marimba ya Buganda. Ni vipande 12 vya mti vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, navyo hupigwa na watu watatu. Wa kwanza huanza wimbo. Wa pili, aketiye mkabala naye, hutia mapigo yake katika nafasi aziachazo mwenziwe, wala hawagongi kwa pamoja. Wa tatu huokota sauti mbili za chini na kuzirudia juu kabisa.

Kwa majuma matatu nilishindwa. Mwendo ulipozidi, mkono wangu ulivutwa ukaangukia pigo la mwenzangu. Mwalimu akanitoa nikae pembeni, mbele ya vijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Usiku ule nilifunga sanduku langu.

Kilichonizuia ni hazina ya sauti iliyopo chuoni. Mna nakala za nyimbo alizozinasa Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, miaka ya karibu na 1950. Asubuhi nilipokwenda kuaga, mwalimu alinikalisha hapo nisikilize. Kisha akanisimulia habari za entenga, ngoma 15 za kasri la Kabaka, zilizopigwa na watu sita. Kasri liliposhambuliwa mwezi wa Mei 1966, na falme zilipofutwa mwaka 1967, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika. Falme zilirudishwa mwaka 1993, lakini kwa muda huo wote wazee walikuwa wakizeeka na kufariki pamoja na ufundi wao. Nikaelewa kwamba sanaa isiyorithishwa huzikwa na mwenyewe. Nikafungua sanduku.

Mwalimu akanipa shauri moja: nisilikimbilie pigo la mwenzangu wala nisilikimbie. Nilishike langu kama ndilo la msingi, huku sikio likiufuata wimbo uzaliwao kati yetu, ambao hakuna hata mmoja wetu aupigaye peke yake. Siku moja mikono ikatulia, nami nikausikia.

Baba alikuja siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Alikaa wima kama aliye kwenye gwaride. Tulipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni kama lindo. Mwenzako akipumzika, wewe ndiwe uliye macho." Habari za walevi hakuzitaja tena.

Sasa nimerudi kazini. Kila Jumamosi nawafundisha watoto wa kambi ile ile niliyolelewa, kwa marimba tuliyoyachonga wenyewe. Basi enyi wazazi, mkiwa na mtoto apigaye masufuria jikoni, msimkemee upesi. Mtafuteni mzee jirani ajuaye ngoma, mumpeleke mtoto kwake wakati mzee huyo angali hai.